Mwalimu wa Kemia Afundishwe Kusimulia

Barua ya wazi kwa waandaaji na wawezeshaji wa mafunzo kazini ya walimu wa Kemia

Ndugu zangu,

Ninawaandikia kama mwalimu wa Kemia wa shule ya sekondari, na ninawaandikia hadharani kwa sababu ninachokiomba hakiwezi kutekelezwa na mtu mmoja akiwa peke yake ofisini. Kinamhitaji anayepanga ratiba ya semina, anayeandika moduli, mwezeshaji anayesimama mbele yetu, mthibiti ubora anayekuja kukagua maandalio ya somo, na sisi walimu wenyewe. Ombi ni hili: katika kila awamu ya mafunzo ya walimu wa Kemia, tengeni muda wa kutosha ili kila mwalimu atunge hadithi moja ya kweli inayobeba mada moja ya muhtasari, aisimulie mbele ya wenzake, na asahihishwe.

Mafunzo tunayopata yametufaa, na sitaki barua hii isomeke kama lawama. Tumejifunza kuandaa somo linalomjengea mwanafunzi umahiri. Tumejifunza kutengeneza zana kwa chupa za maji na mabomba ya sindano. Mpango wa Mafunzo Endelevu ya Walimu Kazini (MEWAKA) umetuketisha shuleni kwetu, katika jumuiya za ujifunzaji, tukajadili vipindi vyetu na watu wanaowafahamu wanafunzi wetu kwa majina. Hata hivyo, Kemia yenyewe bado inatufikia kama orodha: sifa za hiki, matumizi ya kile, jinsi ya kutengeneza gesi fulani maabara, tahadhari tano. Mwalimu aliyepokea orodha hugawa orodha. Mwanafunzi naye huikariri usiku wa kuamkia mtihani na kuitua mlangoni anapotoka.

Nitoe mfano, maana bila mfano ombi langu litaonekana jepesi.

Kila mwanafunzi wa Kemia anakijua kipimo cha kabonidioksaidi. Pitisha gesi kwenye maji ya chokaa. Yakigeuka meupe kama maziwa, ndiyo yenyewe. Muulize chokaa hiyo ilitoka wapi, atakwambia ilitoka stoo ya maabara.

Sasa mpeleke Kilwa Kisiwani. Ibn Battuta alifika huko mwaka 1331, na kuta za Msikiti Mkuu na magofu ya Husuni Kubwa zingalipo, ingawa waliozijenga hawakuwahi kuona mfuko wa saruji. Walikuwa na mawe ya matumbawe, mchanga, kuni, maji na hewa. Msimulizi aanzie hapo, awaulize wanafunzi: mngepewa vitu hivyo tu, mngeyashikishaje mawe yakae karne na karne? Kisha anyamaze. Watataja udongo, watataja samadi, mmoja atasema walichonga mawe yakabanana. Wakishachoka kubahatisha, fundi wa chokaa aingie. Anapanga magogo kwa duara, tabaka juu ya tabaka, anarundika vipande vya matumbawe juu yake, anawasha. Joto likifika karibu nyuzi 900, jiwe linaanza kupoteza kitu kisichoonekana. Umbo lake halibadiliki sana, lakini moto ukipoa na fundi akaliinua, analikuta jepesi. Hapa msimulizi asimame tena. Kila gramu 100 za jiwe safi zimebaki gramu 56. Gramu 44 zimekwenda wapi? Mwanafunzi aliyefundishwa kukokotoa moli amepata kazi, na safari hii anaifanya kwa kuwa anataka jibu. Akishalipata, mlinganyo uandikwe ubaoni: CaCO₃ → CaO + CO₂.

Hadithi haijaisha. Fundi anamwagia maji mawe yale mepesi. Yanafuka mvuke, yanapasuka kwa joto lao wenyewe bila moto wowote, yanaporomoka kuwa unga mweupe laini: CaO + H₂O → Ca(OH)₂. Mwalimu atoe onyo mahali hapa, kwamba chokaa ambayo haijazimwa kwa maji huunguza ngozi na macho, na mafundi wanalijua hilo. Unga unachanganywa na mchanga, unashikisha mawe, unapigwa lipu. Nyumba inakwisha, watu wanahamia. Nao wakiwa wanapika na kulala humo ndani, ukuta unaendelea na kazi: mwezi kwa mwezi, mwaka kwa mwaka, unavuta kutoka hewani gesi ya aina ile ile iliyofukuzwa na moto. Ca(OH)₂ + CO₂ → CaCO₃ + H₂O. Jiwe lililochomwa limerudi kuwa jiwe, sasa likiwa na umbo la ukuta.

Hapo ndipo iletwe bilauri ya maji ya chokaa na mrija, mwanafunzi mmoja apulize taratibu. Weupe unatokea. Niliposimulia hivi katika kidato cha tatu, binti mmoja wa dawati la nyuma alisema kabla hajaruhusiwa: "Mwalimu, kwa hiyo hapa tumejenga ukuta ndani ya glasi?" Ndiyo, tumejenga. Kipimo alichokuwa amekikariri kama amri kilikuwa mwisho wa safari ya jiwe, na aliligundua hilo mwenyewe. Gesi ikizidi kupitishwa, weupe ule unatoweka, kwa sababu kabonidioksaidi na maji huigeuza kalsiamu kaboneti kuwa kalsiamu haidrojenikaboneti inayoyeyuka. Kutoka hapo darasa zima linaweza kusafiri hadi mapango ya Amboni, Tanga, ambako maji yenye gesi hiyo yametafuna mwamba wa chokaa kwa zama nyingi na kuuacha tena, tone baada ya tone, kama miiba mirefu inayoning'inia darini. Linaweza pia kurudi nyumbani na kuchungulia ukoko mweupe ulioganda ndani ya birika la chai. Mtengano kwa joto, moli, kipimo cha gesi na ugumu wa maji ni mada zinazofundishwa kwa nyakati tofauti kana kwamba hazijuani. Jiwe moja limezikutanisha.

Hadithi ninayoiombea nafasi ni ya namna hii. Wapo wenzetu wanaodhani kusimulia ni kuanza kipindi kwa kisa cha kuchekesha, kisha kusema "haya, sasa tuingie kwenye somo." Kisa cha hivyo kinaweza kuondolewa na somo lisipungue chochote. Hadithi inayofundisha Kemia ina mtu anayetaka kitu, ina kizuizi, ina ushahidi unaokataa au kukubali, na mlinganyo wa kemikali unakuja mahali ambapo msikilizaji tayari anauhitaji. Kuitunga kunataka ujuzi. Ujuzi huo unafundishika, na mahali pake ni kwenye mafunzo yenu.

Chukueni jedwali la elementi. Tunawafundisha wanafunzi elementi ishirini za mwanzo kwa wimbo, na sina ugomvi na wimbo. Majina lazima yajulikane. Lakini ni wangapi kati yetu tuliwahi kusimuliwa, chuoni au semina, habari ya nafasi zilizoachwa wazi? Mwaka 1869 Dmitri Mendeleev, mhadhiri wa St. Petersburg, alipanga elementi zilizojulikana, na mahali ambapo mpangilio ulikataa hakulazimisha. Aliacha pengo, akasema hapa pana elementi ambayo bado hamjaiona, akaitabiria uzito na tabia zake. Mwaka 1875 Mfaransa Lecoq de Boisbaudran akagundua metali mpya, galiamu, iliyofaa kabisa kwenye pengo lililokuwa chini ya alumini. Jambo moja lilikataa: alipima msongamano wake akapata karibu 4.7. Mendeleev, ambaye hakuwahi kuishika metali ile mkononi, akadai kutoka Urusi kwamba kipimo hicho kina kasoro. Unapaswa kuwa karibu 5.9. Hebu mpime ujasiri huo. Lecoq de Boisbaudran akaisafisha sampuli yake upya, akapima tena, akapata 5.9. Mwanafunzi akisikia hayo, jedwali lililobandikwa ukutani linaacha kuwa bango. Linakuwa dai ambalo mtu alithubutu kulitoa, na ambalo lingeweza kukanushwa. Hiyo ndiyo maana ya nadharia katika sayansi, na sijaona njia nyepesi zaidi ya kuifikisha kwa kijana wa miaka kumi na mitano.

Pengine kuna mwezeshaji anayeona kwamba hadithi ni mambo ya shule za awali na kwamba Kemia inataka ukavu. Wakemia wakubwa hawakuwaza hivyo. Michael Faraday aliwahutubia vijana pale Royal Institution, London, katika mfululizo wa mihadhara ya Krismasi ya 1860 kuhusu kitu kimoja tu, mshumaa unaowaka, na kutoka kwenye mshumaa huo akawafikisha kwenye haidrojeni, oksijeni, kaboni na pumzi ya binadamu. Primo Levi, mkemia wa Italia aliyenusurika Auschwitz, alichapisha mwaka 1975 kitabu chenye sura 21, kila sura ikibeba jina la elementi, na ya mwisho inaifuata atomu moja ya kaboni katika safari zake. Sisi wenyewe tuna utamaduni wa kutamba hadithi ambao hatukuuazima popote. Ajabu ni kwamba unaishia kwenye mlango wa maabara.

Hadithi nyingine ziko karibu mno na wanafunzi, na hizo zinahitaji mkono wa uangalifu ambao mwalimu hazaliwi nao. Mfano ni floraidi. Katika maeneo ya Meru, Kilimanjaro na kwingineko kwenye Bonde la Ufa, maji yaliyopita kwenye miamba na majivu ya volkano hubeba floraidi nyingi kupita miligramu 1.5 kwa lita, kiwango ambacho Shirika la Afya Duniani linashauri kisizidishwe. Mtoto anayekunywa maji hayo wakati meno yake yanaundwa huota meno yenye madoa ya kahawia. Kwa hiyo mwalimu wa huko anapofika kwenye halojeni, mada imeketi mbele yake darasani, na imezoea kuziba mdomo kwa kiganja inapocheka.

Akiwa hajaandaliwa, mwalimu huyo ataipita mada haraka kwa aibu, au atafanya vibaya zaidi kwa kumnyooshea mtoto kidole awe mfano. Akiwa ameandaliwa, atasimulia habari ya maji. Ataanza juu mlimani, kwenye mwamba. Atashuka na kijito hadi kisimani, kisha hadi kwenye ndoo. Ataeleza kwamba jino na mfupa vimejengwa kwa madini ya kalsiamu na fosfeti yenye ioni za haidroksaidi, na kwamba ioni ya floraidi ina chaji ile ile, hasi moja, na ukubwa unaokaribiana nayo, hivyo huweza kukalia kiti cha haidroksaidi. Ikiwa kidogo, jino linapata nguvu dhidi ya kuoza. Ikizidi katika miaka ya utoto, tabaka la nje la jino halikomai inavyopaswa, na mifupa nayo inaweza kuathirika. Kisha atawapeleka wanafunzi Ngurdoto, Arumeru, kwenye kituo kilichofanya kazi kwa miaka mingi ya kuondoa floraidi kwenye maji kwa kutumia mifupa ya mifugo iliyochomwa. Maji yanapitishwa kwenye mkaa wa mifupa, floraidi inanaswa humo, mtu anakunywa maji salama zaidi. Madini yale yale yanayoinasa floraidi mwilini yamewekwa kwenye ndoo yainase kabla haijafika mwilini. Mwanafunzi mwenye madoa anaondoka na maarifa ambayo mdogo wake anaweza kuyatumia, na hakuna aliyemtazama.

Kuna hatari moja nisiyotaka kuificha: hadithi nzuri inaweza kudanganya. August Kekulé aliandika kuhusu umbo la benzini mwaka 1865, lakini kisa maarufu cha ndoto ya nyoka aliyejiuma mkia alikisimulia hadharani mwaka 1890, robo karne baadaye, na wapo wanahistoria wanaokitilia shaka. Kinasimuliwa madarasani kana kwamba kila mtu alikuwepo. Nyumbani nako tuna habari ya wafua chuma wa Kihaya. Mwaka 1978 Peter Schmidt na Donald Avery walichapisha kwenye jarida la Science matokeo ya utafiti wao Kagera: tanuri za miaka 1,500 hadi 2,000 iliyopita, na majaribio ambamo wazee waliokumbuka kazi hiyo walijenga tanuri upya kwa udongo wa kichuguu, wakatumia mkaa na nyasi za kinamasi, na joto likapanda kupita nyuzi 1,800. Watafiti hao walidai kwamba hewa ilipashwa joto ndani ya mirija ya udongo kabla ya kufika kwenye moto. Wataalamu wengine wa metali za kale walilipinga dai hilo. Mwalimu anayependa nchi yake atataka kusimulia nusu ya kwanza na kunyamazia ya pili. Mimi nadhani nusu ya pili ndiyo tamu zaidi darasani. Kuyeyusha chuma kwenyewe hakuna anayekubishia. Fe₂O₃ ilinyang'anywa oksijeni na kabonimonoksaidi kandokando ya Ziwa Victoria muda mrefu kabla ya kiwanda chochote. Swali la hewa iliyopashwa joto libaki wazi, wanafunzi wajadili ni ushahidi gani ungelimaliza. Kwa hili tunawahitaji ninyi na wahadhiri wa vyuo vikuu, kwa sababu mwalimu wa kijijini mwenye vipindi thelathini kwa wiki hawezi kuhakiki kila kisa peke yake.

Sasa, kazi yenyewe ifanyikeje? Ningeomba mwezeshaji aanze kwa kusimulia hadithi moja kamili yeye mwenyewe, bila slaidi, kwa dakika ishirini, huku sisi tumekaa kama wanafunzi. Hatuwezi kufanya tusichowahi kufanyiwa. Kisha kila mwalimu achague mada inayomsumbua zaidi kuifundisha na atafute kisa chake, kwenye historia ya sayansi au kwenye mtaa wake: wachoma chokaa, wapika sabuni, wavuna chumvi, bibi anayetia magadi kwenye makande yaive upesi. Aandike na kusimulia. Mwenzake mmoja akague kila mlinganyo na kila namba, mwingine akague kama kisa ni cha kweli, wa tatu aseme ni wapi alichoka kusikiliza.

Na huyo wa tatu awe mwalimu wa Kiswahili. Hili nalisisitiza. Katika kila shule yetu kuna mtu anayefundisha fasihi simulizi, anayejua fanani na hadhira, anayejua kwa nini msimulizi husitisha sauti kabla ya jambo kubwa na namna anavyowarudisha wasikilizaji waliosinzia. Ameketi meza ya pili kutoka kwa mwalimu wa Kemia na hawajawahi kuandaa somo pamoja. Jumuiya za ujifunzaji zimegawanywa kwa masomo mara nyingi, na kwa kazi hii mpaka huo ulegezwe. Hakuna mtaalamu wa kuagizwa wala posho ya safari ya ziada.

Kuhusu lugha nitasema machache. Mwanafunzi aliyetoka shule ya msingi ya Kiswahili hukutana kwa pamoja na dhana mpya na Kiingereza kipya. Kisa kinaweza kumpa dhana kwanza kwa lugha anayoiota, halafu istilahi za mtihani zikapata mahali pa kushika. Walimu wengi tunafanya hivyo tayari, kwa kujificha. Mkituambia wazi katika mafunzo ni namna gani jambo hilo linafanywa vizuri, tutalifanya vizuri.

Najua mtauliza muda utatoka wapi, na muhtasari haukwishi hata sasa. Hadithi ya chokaa hula vipindi viwili, na mtu anaweza kuiandika ile milinganyo mitatu ubaoni kwa dakika tano. Lakini wiki mbili baadaye milinganyo hiyo hurudiwa, na muhula ujao hurudiwa tena, na kabla ya mtihani wa taifa hurudiwa mara ya mwisho kwa darasa linalotazama ubao kama mara ya kwanza. Muda huo wa kurudiarudia hauandikwi kwenye azimio la kazi, ila tunautumia. Wala sidai kwamba kila mada inataka hadithi. Kutaja majina ya vifaa, kusoma bureti, kusawazisha milinganyo: hayo yanataka mazoezi, na mengi.

Jambo moja naomba lisipindwe. Msije mkachukua barua hii mkaifanya kisingizio cha kuacha maabara bila kemikali. Simulizi ya ukuta wa Kilwa bila bilauri ya maji ya chokaa ni nusu ya somo. Majirani zetu wa Kenya, tangu mradi wa SMASSE ulipoanza mwaka 1998 kwa ushirikiano na Japani, wamekuwa wakiwafundisha walimu wa sayansi kumweka mwanafunzi, shughuli na jaribio katikati ya kipindi, na kubuni vifaa pale visipokuwepo. Njia hiyo ni njema na sisi tumeifaidi. Hadithi inamwambia mwanafunzi kwa nini afanye jaribio. Haiwezi kulifanya kwa niaba yake.

Mwisho, visa vitakavyotungwa vihifadhiwe. Kila awamu ya mafunzo ikitoa visa ishirini vilivyohakikiwa, kwa Kiswahili na Kiingereza, na vikawekwa mahali ambapo mwalimu yeyote atavifikia kwa kishikwambi chake, baada ya miaka michache tutakuwa na hazina ya Kemia ya nchi hii: floraidi ya Meru, magadi ya Ziwa Natron, zebaki ya wachimbaji wadogo wa Geita na madhara yake, tanzanaiti ya Mererani inayotoka ardhini na rangi ya hudhurungi ikageuka buluu motoni. Mwalimu mpya anayepangiwa shule ya mbali ataanza kazi akiwa na kitu mkononi.

Naomba ratiba ya mafunzo yajayo ije na nusu siku ya kazi hii, na jina la mwalimu wa Kiswahili likiwa kwenye orodha ya waalikwa. Tukishaifanya mara moja, njooni madarasani kwetu mkasikilize, kisha mwamue kama iendelee.

Wenu katika kazi,
Mwalimu wa Kemia, shule ya sekondari